Walinzi wa Ubongo wa Mtoto Mchanga

Msomaji mpenzi, ukisimama asubuhi kando ya njia katika mtaa wa Buruburu, mashariki ya jiji la Nairobi, utawaona akina mama wakipeleka watoto wachanga kliniki kupata chanjo. Mama hufunika utosi wa mwanawe kwa kiganja, maana hapo mfupa haujafunga bado, na chini yake umo ubongo. Kiganja huzuia jua na vumbi. Je, virusi huzuiwa na nani? Jibu la swali hilo lina historia, na sehemu moja ya historia hiyo ilianza kwa jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1936 ilianzishwa huko Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wake waliweka kima katika vizimba juu ya majukwaa, kati ya matawi ya msitu uitwao Zika, ili waumwe na mbu na ijulikane mbu hao wamebeba nini. Mwezi wa Aprili 1947, kima aliyepewa namba 766 alishikwa na homa. Damu yake ilipotiwa katika ubongo wa panya, panya wakaugua. Kumbe ndani yake mlikuwa na virusi ambavyo havijapata kujulikana. Vikapewa jina la msitu, na mwaka 1948 vikapatikana tena katika mbu wa msitu ule ule.

Mwaka 1952 mmoja wa watafiti hao, George Dick, alichapisha habari ya majaribio yake. Virusi vilipoingizwa ubongoni, panya wa kila umri waliugua. Lakini vilipoingizwa tumboni, panya wenye umri wa chini ya majuma mawili waliugua kwa wepesi, na wale waliozidi umri huo hawakuugua ila kwa nadra. Litafakari jambo hili, ewe msomaji. Virusi ni vile vile na njia ni ile ile; kilichotofautiana ni umri tu. Katika panya mkubwa palikuwa na ulinzi ambao panya mchanga hakuwa nao bado.

Walakini dalili hiyo haikushughulisha watu wengi. Zika ilihesabiwa kuwa homa ndogo ya vipele, ipitayo baada ya siku chache. Waswahili husema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 2015 ugonjwa huo ulienea nchini Brazil, na watoto wengi wakazaliwa na vichwa vidogo kuliko kawaida, kwa kuwa akili zao zilidhurika tumboni kabla hawajaliona jua. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari.

Basi walinzi wa ubongo ni akina nani? Mwaka 1919 Mhispania Pío del Río-Hortega alieleza seli ndogo zenye matawi ndani ya ubongo, akaziita mikroglia. Seli hizi si wenyeji wa ubongo kwa asili. Huingia humo mapema sana, mtoto angali kiinitete tumboni. Zikishafika hukaa kama askari wa zamu: hupapasa huku na huku, humeza takataka na virusi, na kupiga mbiu hatari ikitokea. Mbiu moja iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakaiita intaferoni. Seli ikiipokea, hufunga milango yake ili virusi visizaliane ndani. Mama naye humpa mwanawe kinga kwa njia ya kondo la nyuma, na baadaye kwa maziwa.

Kwa nini basi walinzi hao hushindwa? Virusi vya Zika hushambulia zile seli zinazozaa seli za ubongo, wakati nyumba ingali inajengwa. Tena vyaweza kuingia ndani ya mikroglia zenyewe, mlinzi akawa mateka. Na hata mlinzi akipigana kwa ushujaa, vita vikizidi, moto wake waweza kuunguza nyumba aliyotumwa kuilinda.

Msomaji, kutoka majaribio ya Entebbe hadi msiba wa Brazil ilipita miaka zaidi ya sitini. Panya wachanga walikuwa wamekwisha kutoa ushahidi wao, na Dick aliuandika kwa uaminifu ingawa hakujua utakuja kumfaa nani. Nawe katika maabara ya shule yako, liandike ulionalo jinsi lilivyo, hata likiwa dogo. Huenda kuna mtoto ambaye hajazaliwa bado, wa Buruburu au wa ng'ambo ya bahari, atakayelihitaji.