Nyumba za Pembe Nne za Rumonge

Mrundi wa zamani alijenga msonge: duara la miti na nyasi zilizoshuka hadi chini, ndani ya rugo, yaani boma lenye uzio, ng'ombe wakilala uani. Nyumba ya pembe nne ilifika Rumonge, Burundi, kwa njia ya Ziwa Tanganyika, kutoka Ujiji. Ilikuja pamoja na chumvi, shanga na vitambaa, na pamoja na biashara ya watu, ambayo historia ya Rumonge haina ruhusa ya kuificha.

Mwaka 1878 Tanganyika ilikuwa imefurika. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ukazibuka, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka takribani mita 10. Ukanda wa mchanga uliobaki mkavu ndio leo sehemu ya chini ya mji. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Rumonge mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni wakauawa, nayo ikafungwa. Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, alizitaka nchi zote za kaskazini mwa ziwa, lakini milimani alikuwako Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, wala hakuzipata zote. Ndiyo maana Uswahili ulikaa ufukoni.

Nyumba yenyewe ni fito na udongo uliokandwa kwa miguu, ukumbi unaopenya toka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku. Mbele, baraza. Kwangu mimi baraza ndiyo kubwa kuliko yote. Kwenye rugo mgeni hungoja langoni mpaka aitwe. Barazani mpita njia husalimiwa, akaketi, akajua bei ya ndagala na mawese, na nani kaposa wapi. Mrundi na Mmanyema wa kutoka Kongo walizoeana hapo. Nyasi zilikuja kuwa mabati, udongo ukawa matofali ya kuchoma, na baraza haikuguswa. Hata Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, utaikuta.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 2020 yalifika vyumbani, na mwaka 2024 maji yalipanda tena. Familia za ufukoni zikahama na mabati yao, kuta zikaachwa majini. Tofali la kuchoma hustahimili kwa muda. Udongo hauchukui wiki nyingi. Wenye simu wazipige picha nyumba zilizobaki, na wazee waulizwe nani alijenga ipi, kabla mvua za masika hazijaanza.