Lugha za Kigeni na Elimu ya Juu Kwetu Buhaya

Katika yubilei hii twakumbuka makanisa na shule zilizojengwa kwa mawe. Inafaa tukumbuke pia kazi isiyoonekana kwa macho, yaani taabu ya wazee wetu katika kujifunza lugha za wageni ili waipate elimu ya juu.

Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892. Iliwapasa wao kwanza kujifunza Kihaya, kwa maana mwalimu asiyeeleweka hafundishi. Baadaye vijana wetu nao waliingia seminari ya Rubya, wakashika Kilatini, kwa kuwa vitabu vya falsafa na teolojia viliandikwa kwa lugha hiyo. Kazi ilikuwa ngumu, wala si wote waliofika mwisho. Lakini angalieni utaratibu wake: walifundishwa kwanza Kilatini chenyewe kwa miaka kadhaa, ndipo wakafundishwa elimu kwa Kilatini. Mwaka 1917 mapadri wanne wa kwanza wazalendo wa nchi hii walipewa daraja. Njia hiyo aliifuata Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu: Rubya, kisha Katigondo katika Uganda, hata Roma. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kufanywa Kardinali.

Kiingereza nacho kilikuwa mlango wa Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, na wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili, bali sekondari na vyuo vikuu kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili katika ngazi zote, lakini sekondari Kiingereza kimebaki.

Hapo ndipo penye shida. Mtoto aliyefundishwa Kiingereza kidogo huletewa ghafula masomo yote kwa lugha hiyo, naye hukariri asichokielewa. Nimewaona watoto wenye akili njema wakihesabiwa wajinga, kumbe kilichowashinda ni lugha tu.

Basi, ndugu walimu, tusiidharau lugha ya kigeni, wala tusiifanye ukuta. Tuifundishe kwanza vizuri, kama walivyofanya Rubya. Nanyi wazazi, jioni mwulizeni mtoto awaeleze somo lake kwa Kiswahili au kwa Kihaya. Akiweza, amelielewa. Akishindwa, msimpige, mrudisheni kwa mwalimu, mkamwombe aanze tena.