Deki ya diski za maeneo yote

Deki ya maeneo yote ni mashine ya DVD inayocheza diski bila kujali zilikouzwa, na inayoweza kutoa picha ya mfumo wa PAL na ya NTSC. Katika Ekero, kituo cha biashara kilicho karibu na Mumias, kaunti ya Kakamega, kama kwingineko magharibi mwa Kenya, anayeitafuta mara nyingi ni mtu mwenye jamaa ng'ambo. Ameletewa diski ya harusi iliyofanyika Marekani, au filamu iliyosafiri ndani ya begi la mgeni wa Krismasi. Akiitia kwenye deki ya nyumbani, inakataa. Au inacheza, lakini picha haina rangi na inapanda juu bila kutulia.

Dalili hizo mbili hazina chanzo kimoja, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu pesa.

Deki inayokataa kabisa diski ya dukani kwa kawaida imezuiwa na namba ya eneo. DVD zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka uliofuata. Kampuni za filamu ziliigawa dunia ili filamu iliyokwisha kutoka nchi moja isiuzwe kwa diski kwingine kabla ya kuonyeshwa kwenye sinema za huko. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Ulaya Magharibi, Japani, Afrika Kusini na nchi za Mashariki ya Kati, Oman ikiwemo, ni eneo la 2. Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ziliwekwa eneo la 5 pamoja na India na Urusi. Mgawanyo huo haukuwajali watu wa upande huu: Mombasa na Moscow zimo eneo moja, ilhali Mombasa na Muscat, zenye undugu wa karne nyingi, zimetenganishwa.

Picha isiyo na rangi, au inayopanda na kushuka, ni suala la mfumo. Televisheni za Kenya, Uganda na Tanzania zilijengwa juu ya PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani ilifuata NTSC, mistari 525 na picha zinazokaribia 30. Diski iliyochomwa nyumbani au na mpiga video wa harusi kwa kawaida haina namba ya eneo hata kidogo. Kwa hiyo anayempelekea fundi diski ya harusi kutoka Minnesota ili deki “ifunguliwe” analipia kazi isiyohitajika. Tatizo lake ni NTSC, na huenda liko kwenye televisheni, si kwenye deki. Runinga ya zamani ya kioo kinene iliyotengenezwa kwa PAL pekee hushindwa na picha hiyo, lakini runinga bapa za siku hizi huipokea bila taabu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ichukue rimoti. Deki nyingi za bei nafuu kutoka China zina kitufe cha P/N, na ukikibonyeza, picha hubadilika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Zisizo nacho huwa na chaguo la TV TYPE ndani ya menyu ya SETUP, lenye PAL, NTSC na AUTO au MULTI. Kwa runinga ya zamani chagua PAL, ili deki yenyewe ijaribu kuigeuza picha. Kwa runinga bapa AUTO inatosha.

Kwa mnunuzi wa Ekero, deki ya Kichina inayouzwa madukani mwa hapa nyumbani aghalabu ni bora kuliko ya bei ghali iliyoletwa kutoka Marekani. Nyingi kati ya hizo za Kichina huja zikiwa hazina kizuizi cha eneo, au hufunguliwa kwa namba za siri zinazobonyezwa kwenye rimoti. Ile ya Marekani imefungwa kwenye eneo la 1, na mara nyingi haichezi PAL. Isitoshe, ikiwa nyuma yake pameandikwa 120V badala ya 100–240V, stima yetu ya volti 240 itaiunguza siku ya kwanza isipochomekwa kupitia transfoma.

Ijaribu dukani kwa diski zako mwenyewe, moja ya hapa na moja ya ng'ambo. Hata hivyo, usiamini sana runinga ya muuzaji, kwa maana huenda inapokea mifumo yote huku ya kwako ikipokea mmoja tu. Ikiwezekana, patana naye urudishe deki ikishindwa nyumbani.

Kuna diski za eneo la 1, zilizoanza kutoka mwaka 2000, ambazo huikagua deki. Zikigundua imewekwa namba 0, yaani maeneo yote, huonyesha ramani ya dunia na kugoma. Dawa yake ni kuiweka deki kwenye namba 1, kisha kuirudisha baadaye.

VCD, zilizotangulia DVD, hazina namba za eneo. Blu-ray ina maeneo matatu tu, A, B na C, na Kenya imo B. Kuifungua ni kazi ngumu zaidi, na mara nyingi huhitaji kubadilishiwa sehemu za ndani. Diski za 4K hazikuwekewa kizuizi cha eneo.

Mwenye kompyuta yenye nafasi ya diski anaweza asinunue deki yoyote. Programu ya VLC, isiyolipiwa, husoma PAL na NTSC sawasawa na mara nyingi huipita namba ya eneo. Usikubali tu ombi la kompyuta la kubadilisha eneo ovyo, kwa sababu mashine nyingi huruhusu mabadiliko matano, na la tano hubaki humo daima. Kwa diski ya harusi, fundi anaweza kuihamishia kwenye flashi, ikachezwa kwenye runinga bapa yenye tundu la USB, na nakala nyingine ikabaki kwa wazee.