Kiapo cha Sultani Mbele ya Baytul-Muqaddas

Katika visa vya Vita vya Msalaba, hapana kisimuliwacho zaidi barazani kwetu kuliko kile cha Sultani Salahuddin Ayyubi kuingia Baytul-Muqaddas. Husimuliwa kwa fahari, na fahari hiyo yastahili. Lakini wasimulizi wengi huruka jambo moja: Sultani hapo awali alikuwa amekwisha apa kuutwaa mji ule kwa upanga.

Sababu ya kiapo yaeleweka. Ijumaa, tarehe 15 Julai 1099, Wafaranji, ndivyo Waarabu walivyowaita Wazungu wa Magharibi, waliingia mji huo baada ya kuuhusuru kwa majuma matano na zaidi, wakawaua Waislamu na Mayahudi, wake kwa waume, hata katika uwanja wa Aqsa. Miaka 88 baadaye, tarehe 4 Julai 1187, Salahuddin aliyashinda majeshi yao huko Hattin, karibu na ziwa la Tabaria. Kisha akawapa wenye mji masharti ya amani, wakayakataa. Ndipo alipoapa.

Mwezi Septemba akauhusuru mji. Ukuta wa kaskazini ulipokwisha kubomolewa, alitoka Balian wa Ibelin kuomba amani. Mtu huyu alikuwa amekwisha fadhiliwa na Sultani: baada ya Hattin alipewa ruhusa ya kuingia mjini kumchukua mkewe, kwa ahadi ya kulala usiku mmoja tu na kutoshika silaha. Wenyeji wakamsihi awaongoze, akabaki. Naye Sultani, alipoletewa udhuru, aliupokea, tena akawapa jamaa zake walinzi wa njiani. Safari hii akamkatalia. Balian akajibu ya kwamba, ikiwa hapana amani, watawaua wake zao na watoto wao kwa mikono yao wenyewe, watawachinja mateka wa Kiislamu wapatao 5,000, wavunje Kubba ya Mwamba na Aqsa, kisha watoke wafe wakipigana.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Salahuddin akawashauri maamiri wake, wakaona mji uhesabiwe kuwa umekwisha tekwa kwa nguvu, na watu wake wajikomboe kama mateka. Hivyo kiapo kikapata njia, na damu haikumwagika. Fidia ikawa dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na kwa mtoto moja au mbili, maana waandishi wa zamani wamehitilafiana. Muda wa kulipa, siku 40. Kwa maskini wapatao 7,000 zililipwa dinari 30,000 kwa jumla. Mji ukafunguliwa Ijumaa, 2 Oktoba 1187, sawa na 27 Rajab 583, siku tuijuayo sote kwa Miiraji.

Mapatano yakajaribiwa pale pale mlangoni. Patriarki Heraclius alitoka na dhahabu na vyombo vya kanisa, akalipa dinari zake 10 tu, na maskini wa dini yake wamebaki nyuma. Sultani alishauriwa amnyang'anye, akakataa kuvunja ahadi. Nduguye, Al-Adil, aliomba apewe watumwa 1,000; alipopewa, akawaacha huru. Hata hivyo, tusifiche: Imaduddin, katibu wa Sultani mwenyewe, ameandika kuwa watu wapatao 15,000 walikosa fidia wakatiwa utumwani, na zaidi ya nusu yao ni wanawake na watoto. Huruma ile ilikuwa na bei, na asiye nayo hakuipata.

Wako waliotaka Kanisa la Kaburi livunjwe. Wengine wakakumbusha kwamba Seyyidna Umar (R.A.) alipoufungua mji aliliacha lisimame, nalo likaachwa. Wakristo wa Mashariki wakabaki majumbani mwao kwa kutoa jizya. Ijumaa iliyofuata, Kadhi Muhyiddin ibn Zaki akahutubu Aqsa. Baadaye ikaletwa kutoka Halab mimbari ambayo Sultani Nuruddin alikuwa ameiamuru itengenezwe kwa ajili ya msikiti huo, mji ungali mikononi mwa Wafaranji. Yeye alifariki mwaka 1174, asiione mahali pake. Ilikaa hapo hata ilipoteketezwa kwa moto mwaka 1969.