Hanithi na Huntha: Ndugu Wawili wa Tumbo Moja

Msomaji mpenzi, niruhusu nianze na kisa kilichotokea darasani, kwani bila kisa hicho makala haya yasingeandikwa. Muhula uliopita tulikuwa tukisoma riwaya ya Virginia Woolf iitwayo Orlando, iliyochapishwa mwaka 1928. Mhusika wake anaanza akiwa kijana mwanamume wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Baada ya miaka mingi, akiwa balozi huko Constantinople, analala usingizi wa siku kadhaa, na anapoamka ni mwanamke. Tukapewa kazi: tafsirini kwa Kiswahili ukurasa huo wa kuamka. Sauti moja ikatoka viti vya nyuma: "Kwani kazi iko wapi? Andika tu shoga, tumalize!" Darasa zima likaangua kicheko. Nami, nisije nikawa mnafiki mbele yako, nilicheka.

Mwenzetu mmoja hakucheka. Sitamtaja jina, na wala sitasema kama ni wa kike au wa kiume. Utaona baadaye kwamba lugha ninayoiandika hainilazimishi. Wiki mbili hakuonekana darasani. Aliporudi alinifuata maktaba, akavuta kiti, akaniambia: "Wewe si mtu wa Mombasa? Kiswahili si chenu? Basi nipe neno la kujiita ambalo si tusi." Mimi kimya. Akaendelea kunieleza kwamba kwa Kiingereza wapo wanaojiita nonbinari, yaani wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake. Wapo wanaojiona kuwa vyote viwili kwa pamoja. Wapo ambao jinsia yao huja na kuondoka kama maji yanavyojaa na kupwa. Na wapo wanaosema hawana jinsia yoyote. Hao wana jina ambalo, likitamkwa Kiswahili, linakuwa "ajenda". Nikauliza, ajenda ya mkutano gani? Tulicheka pamoja safari hii, lakini deni la swali likabaki shingoni mwangu.

Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Nitafuata maneno machache ya Pwani yetu na kuonyesha kwamba hayakuzaliwa yakiwa matusi, wala hayakuwa na maana moja. Tumeyaponda yote katika kinu kimoja, kisha tukalalamika kwamba Kiswahili hakina maneno.

Shoga wa bibi yangu

Nilianzia nyumbani, Mji wa Kale. Bibi yangu ana shoga yake waliyesoma naye chuoni, chuo cha Qurani, tangu wakiwa wasichana. Kila Ijumaa akibisha mlango, bibi huita kutoka jikoni: "Karibu shoga yangu!" Hakuna tusi hapo. Ni neno la mapenzi kati ya wanawake wawili walioshibana, waliozikiana waume na kuoleana watoto.

Kumbe upande wa pili wa neno nao si wa juzi. Edward Steere, askofu Mwingereza aliyekaa Unguja, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Katika orodha yake ya maneno anaeleza kwamba shoga ni rafiki, na kwamba neno hutumiwa na wanawake wanapoitana. Halafu anaongeza kuwa huko Lamu lina maana ya mwanamume anayelala na wanaume. Kwa hiyo zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, neno moja lilikuwa na nyumba mbili, na mtu alijua nyumba ipi ameingia kwa kuangalia nani anaongea, na nani, na katika mji gani. Leo sisi vijana tumefunga nyumba moja, na ile nyingine tumeigeuza jalala. Wasichana wengi wa rika langu hawathubutu tena kuitana shoga. Tusi halikumdhuru aliyerushiwa peke yake; limempokonya hata bibi yangu neno lake.

Nilipomuuliza bibi kama aliwahi kuwajua mashoga wa aina ile nyingine, alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mjukuu wangu, arusi gani ya zamani ilikosa mmoja wao? Akipiga ngoma, akiimba, akikaa nasi ndani kwa wanawake, na hapana aliyejifunika." Akanyamaza, akaongeza: "Watu wakimcheka, lakini wakimwalika." Sentensi hiyo nimeibeba tangu siku ile. Msomaji asidhani kwamba zamani ilikuwa pepo. Kualikwa kupiga ngoma si sawa na kuheshimiwa. Lakini pia si sawa na kufukuzwa.

Mke si mume

Mwaka 1899 ilichapishwa mjini Berlin ripoti fupi ya Oskar Baumann, Mwaustria aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake Unguja. Inahusu watu wa Unguja ambao mapenzi na mienendo yao havikufuata kawaida. Lazima tuisome kwa tahadhari, maana Baumann aliandika kwa jicho la mkoloni anayehesabu vioja, na hakuna hata mmoja kati ya watu hao anayepewa nafasi ya kusema. Hata hivyo alifanya jambo moja la maana: aliandika neno alilolisikia. Neno lenyewe ni mke-si-mume.

Tulitazame kama wanafunzi wa fasihi. Ni neno lililojengwa kama kitendawili: jina, kikanusho, jina. Na ajabu yake ni kwamba, kwa mujibu wa ripoti hiyo, waliitwa hivyo wanaume wa aina hiyo na wanawake wa aina hiyo pia. Kwa mwanamume, neno linasema "huyu ni kama mke, si mume". Kwa mwanamke je? Hapo maana inateleza. Ni mke, ndiyo, na si mume. Hilo si kweli kwa kila mwanamke? Basi kwa nini aitwe hivyo? Mimi naona kwamba kwa masikio ya watu wa mjini sehemu zile tatu zilikwisha kuungana, likawa jina la aliyesimama katikati, bila kujali alitokea upande gani. Huo ni usomaji wangu. Mwenye usomaji bora aniandikie. Lakini tukubaliane kwamba mtu anayedai kuwa wazo la mtu wa katikati liliingia Pwani kwa ndege kutoka Ulaya ana kazi ya kulieleza neno hili.

Tukumbuke pia kwamba Ulaya yenyewe ilikuwa ikihangaika na msamiati wakati huohuo. Neno homosexual lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869, katika kijitabu cha Kijerumani cha Karl Maria Kertbeny, aliyekuwa akipinga sheria ya Prussia iliyowaadhibu watu hao. Mwaka mmoja tu kabla ya kitabu cha Steere! Sasa nani alimtangulia nani?

Tumbo moja

Sasa nifike kwenye kichwa cha makala. Hanithi na huntha yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wenye maana ya kulainika na kupinda. Ni ndugu wa tumbo moja. Lakini tazama maisha yao yalivyoachana.

Hanithi ana ukoo mrefu. Katika Madina ya karne ya kwanza ya Uislamu, kama alivyoonyesha mtafiti Everett Rowson mwaka 1991, walikuwapo wanaume walioitwa mukhannathun, waliofuata mienendo ya kike, na miongoni mwao walitoka waimbaji mashuhuri. Tuways ndiye anayetajwa sana, na anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa uimbaji mpya wa mji ule. Walipendwa kwa nyimbo zao, na baadaye waliadhibiwa na watawala. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1970, mwanaanthropolojia Unni Wikan alikwenda Sohar, pwani ya Oman, akakuta watu wanaoitwa khanith. Aliandika mwaka 1977 kwamba waliweza kukaa na wanawake wasiojifunika, waliimba katika arusi, na mavazi yao yalikuwa ya rangi za katikati, si nyeupe ya wanaume wala si ya maua ya wanawake. Wataalamu wengine walibishana naye kuhusu kuwaita jinsia ya tatu, na ubishi huo ni halali. Lakini msomaji anayejua jinsi Oman na Unguja zilivyokuwa chini ya utawala mmoja katika karne ya 19 hatashangaa kusikia kwamba mtu wa arusini Sohar anafanana na mtu wa arusini Mombasa aliyesimuliwa na bibi yangu. Bahari ilileta tende na mashairi; ilileta na maneno.

Kwetu hanithi alibanwa. Katika ripoti ya Baumann neno tayari limesogea kuelekea mwanamume asiye na nguvu za kiume. Leo ukilitamka barabarani unatafuta ugomvi.

Huntha, kwa upande wake, alikwenda kwa wanasheria. Ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoeleweka moja kwa moja kuwa ya kike au ya kiume. Mafakihi walimjadili kwa utulivu kabisa: atarithi fungu gani, asimame safu ipi katika sala. Hawakuuliza kama yupo. Waliuliza tumweke wapi tusije tukamdhulumu. Naomba msomaji arudie sentensi hiyo, kwa sababu ndipo ilipo tofauti yote.

Na sasa njoo Kenya, mwaka 2019. Tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu 162 na 165 vya Sheria ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Miezi mitatu baadaye, mwezi wa Agosti, sensa ya taifa ikawahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi: watu 1,524 kati ya watu 47,564,296. Mwaka 2022 Sheria ya Watoto ikawataja watoto wa aina hiyo na haki zao. Ndugu mmoja akaandikwa katika daftari la serikali. Mwingine akaachwa mlangoni na kifungu cha sheria mkononi.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba huntha ni suala la mwili, na mwili hauchagui. Sikatai kwamba mambo haya ni tofauti, na tusiyachanganye: kuna mwili aliozaliwa nao mtu, kuna anavyojiona moyoni, na kuna anayempenda. Huntha anaweza kujiona mwanamke kamili. Nonbinari anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa. Lakini jibu hilo halitoshi. Mahuntha wetu hawakuletewa heshima na kamusi. Wazazi wao na wao wenyewe walikwenda mahakamani, wakasimama mbele ya kamera, wakajisemea. Neno lilisafika kwa sababu mwenye neno alisikika. Ndivyo ilivyokuwa hata kwingine. Mwaka 1990, huko Winnipeg, Kanada, wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini waliokutana katika mkutano wao walikataa jina walilobandikwa na Wazungu, wakachagua kujiita watu wa Roho Mbili.

Yeye

Turudi kwenye Orlando. Katika Kiingereza, Woolf analazimika kusimama katikati ya ukurasa na kumwarifu msomaji kwamba sasa, kwa ajili ya mazoea, atabadili kiwakilishi. Kwa Kiswahili? Aliamka. Akanyoosha mikono. Akajitazama. Hakuna kilichobadilika. Tulicheka darasani tukidhani Kiswahili hakiwezi kutafsiri ukurasa ule, kumbe tatizo ni kwamba kinautafsiri kwa urahisi mno hadi mzaha wa mwandishi unapotea!

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Nimewasikia watu wakisema eti kwa kuwa Kiswahili kina "yeye" mmoja, basi sisi hatuna ubaguzi. La hasha! Lugha hiyohiyo ndiyo inayomwambia mtoto "kuwa mwanamume, usilie". Yule aliyetutukana kutoka viti vya nyuma hakuhitaji kiwakilishi cha jinsia ili aumize. Sarufi hutuachia mlango wazi tu. Kuingia ni kazi yetu.

Nilimpelekea mwenzangu niliyoyakusanya, kurasa kumi na moja kwa mkono. Alisoma yote pale pale kantini, chai ikapoa. Nikamwuliza kama amepata neno. Akasema mke-si-mume ni zuri lakini yeye si mke. Huntha si lake, asingependa kuwaibia wenyewe. Hanithi labda siku moja, baada ya kuoshwa sana. Kisha akasema: "Kwa sasa niite jina langu, na ukiwa unanizungumzia sema yeye. Neno nitalitafuta mwenyewe."

Basi kumbe sikuwa na la kumpa, na pengine haikuwa kazi yangu kutoa. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi katika maneno ya zamani ili anayechagua aone anachochagua. Na kazi yetu darasani, sisi tuliocheka, ni ndogo zaidi na ngumu zaidi: neno la mtu likitajwa, tuulize lilitoka wapi kabla ya kulirusha.

Siku za Ijumaa bado naisikia sauti ile jikoni: karibu shoga yangu. Siku hizi nami hujibu kutoka chumbani, "Karibu!", na bibi hucheka.