Taa za Marseille: jengo lililotolewa kwa waliopoteza nyumba

Mwezi wa kwanza 1943, wanajeshi wa Ujerumani pamoja na polisi ya Ufaransa walifukuza watu zaidi ya 20,000 kutoka mtaa wa zamani kando ya bandari ya Marseille, kusini mwa Ufaransa. Kisha nyumba karibu 1,500 zikalipuliwa kwa baruti. Mwaka uliofuata mabomu ya ndege za Marekani yakaongeza wahami.

Vita ilipoisha, waziri wa ujenzi mpya, Raoul Dautry, alimpa Le Corbusier kazi ya kujenga makao ya watu waliopoteza nyumba zao. Jiwe la kwanza liliwekwa 1947, na Oktoba 1952 jengo likafunguliwa: nyumba 337 ndani ya jengo moja la betoni, juu ya nguzo nene. Wenyeji wakaliita nyumba ya kichaa.

Kichaa ama hapana, mwangaza haukusahauliwa. Nyumba nyingi humo zinapenya jengo upande hadi upande, hivi jua linaingia asubuhi kutoka mashariki na jioni kutoka magharibi. Dari ya sebule inafika karibu metre 4.80, penginepo ni metre 2.26 tu. Baraza za betoni zinakinga jua kali la kiangazi.

Usiku kazi inabaki kwa taa. Le Corbusier alichora taa ya ukutani iliyochukua jina la Marseille: mkono wa chuma unaokunjika, na vikombe viwili, kimoja kinamulika juu kwenye dari, kingine chini. Mkono ukivutwa, taa ileile inakaribia meza ambapo mtoto anasoma. Yeye mwenyewe alikuwa nayo katika nyumba yake ya Paris.

Ubaya uko katika njia za ndani, zile zinazopita mbele ya milango. Ni ndefu, jua haliingii, taa zinatakiwa hata mchana. Mjenzi aliamini umeme usiokatika. Watu wa Goma na Bukavu wataelewa haraka hatari yake.

Baadaye serikali iliuza nyumba hizo kwa watu binafsi. Mwaka 2016 UNESCO ililitia jengo katika orodha ya urithi wa dunia, na watu wangali wanaishi humo. Ile taa nayo inaendelea kutengenezwa, na kampuni ya Italia, Nemo, lakini sasa ni bidhaa ya wenye pesa.