Kitufe Kimoja, Namba Mbili: Historia Fupi ya Kufuta Herufi

Makala haya mafupi yanajadili tatizo linalowatatiza wanafunzi wetu wanaojifunza kuandika programu za lugha, kama vile kamusi na mazoezi ya ngeli. Mwanafunzi anabonyeza kitufe cha kufuta, lakini badala ya herufi kutoweka, kwenye skrini hujitokeza alama ^H au ^?. Wengi hudhani kibodi imeharibika. Baadhi hukata tamaa na kusema kuwa kompyuta si ya watu wa lugha. Ukweli ni kwamba chanzo cha tatizo hili ni cha kihistoria.

Mnamo mwaka 1963 ulitolewa nchini Marekani mfumo wa ASCII, ambao huipa kila alama namba yake, kuanzia 0 hadi 127. Wakati huo maandishi yalihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na tundu likishatobolewa halizibiki. Hivyo, aliyekosea aliurudisha utepe nyuma na kutoboa nafasi zote saba, na mashine ya kusoma ikaiacha alama hiyo. Matundu yote saba ndiyo namba 127, yaani "futa". Namba 8 ilikuwa na kazi tofauti: kurudi nyuma hatua moja bila kufuta chochote.

Baadaye skrini zilichukua nafasi ya karatasi, na tofauti hiyo ikafifia. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitoa namba 8 kwa kitufe cha kufuta. Mashine ya VT220 ya kampuni ya Digital, iliyotoka mwaka 1983, ilitoa 127. Urithi huo wa aina mbili ungalipo hadi leo. Programu inayotarajia 8 ikipokea 127 haifuti, huonyesha ^? tu. Inayotarajia 127 ikipokea 8 huonyesha ^H, kwa kuwa H ni herufi ya nane ya alfabeti hiyo.

Kwa mwanaisimu jambo hili si geni. Neno "kaa" laweza kuwa mnyama wa baharini, kipande cha mkaa au amri ya kuketi. Maana hutegemea makubaliano ya msemaji na msikilizaji. Kibodi nayo ni msemaji, programu ni msikilizaji.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu kibodi, mwanafunzi aandike programu fupi ya kuonyesha namba zinazopokelewa kwa kila kitufe. Ataona, kwa mfano, kwamba mara nyingi kitufe cha mshale wa juu hutuma namba tatu: 27, 91 na 65. Kisha aifundishe programu yake kuzipokea 8 na 127 kwa maana moja. Tusikilize kwanza kinachosemwa, ndipo tusahihishe.